Majina ya Pacha Sharti Yaoane

Msomaji asihangaike kuitafuta Jamhuri ya Sambamba kwenye ramani. Haipo, na wanaoishi humo wanasema ni heri haipo, maana kama ingekuwepo ingewapa taabu sana. Mambo haya hayakutokea zamani za kale, wala hayakumpata mtu yeyote unayemjua. Yalimpata Mashaka, mchora mabango, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kupata watoto wawili pale ambapo mtu mwenye adabu angepata mmoja.

Walizaliwa Jumanne asubuhi, wasichana wote wawili, Kulwa akitangulia na Doto akimfuata baada ya robo saa. Kulwa na Doto ndivyo pacha wanavyoitwa nyumbani, Sambamba kama kwingineko, mpaka wapate majina ya cheti. Na majina ya cheti Mashaka alikuwa nayo tayari mfukoni. Kulwa ataitwa Sikudhani, jina la marehemu mama yake. Doto ataitwa Semeni, jina la mkwewe, mama wa mkewe Tunu, ambaye alikuwa hai, tena hai hasa, na alikuwa amehamia chumba cha uani kumlea mzazi mpaka arobaini itimie. Jina la kati halikuhitaji kikao. Tangu watu waanze kuzaa, jina la kati la mtoto ni la baba yake. Sikudhani Mashaka na Semeni Mashaka, kwisha habari.

Habari ingekwisha kweli, lakini palikuwa na Kanuni.

Kanuni hiyo iliwatangulia pacha hao kwa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Mheshimiwa Fanaka, Mlezi wa Taifa, alikwenda kukagua wodi ya wazazi ambayo ilikuwa imepakwa rangi alfajiri ile ile ili ikaguliwe. Akaoneshwa pacha wawili, mmoja akiitwa Pili na mwenzake Anastazia. Mheshimiwa akamtazama huyu, akamtazama yule, akasema, "Haya majina hayaoani." Akacheka kidogo, akaenda zake kula. Waliobaki nyuma hawakucheka. Kufika saa kumi jioni palikuwa na kamati, kufika Ijumaa palikuwa na Idara ya Majina, na Jumatatu Mashaka akaitwa na ngazi yake aandike bango juu ya mlango wa Idara hiyo. Mstari wa juu ulisema MAJINA YA PACHA SHARTI YAOANE. Mstari wa chini ulifafanua: LA KWANZA NA LA KWANZA, LA KATI NA LA KATI.

Aliandika kwa moyo wote. Ubao ulikuwa mrefu kuliko maneno, basi herufi za YAOANE akaziachanisha kama meno ya mtoto anayeota mengine, ili nafasi ijae. Bango likazinduliwa na Mheshimiwa mwenyewe, kwa utepe na hotuba nne. Kitabu chenyewe cha Kanuni waziri alikiazima akakisome nyumbani, kisha akahamishiwa wizara nyingine pamoja na mkoba wake, na kitabu hakikuonekana tena. Hilo halikumsumbua mtu. Idara nzima ilisoma bango. Ukiuliza sheria inasemaje, mtumishi anakutoa mpaka nje, anakuelekeza juu kwa kidole.

Kwa hiyo Mashaka hawezi kusema hakuonywa. Aliyeandika onyo ni yeye, kwa rangi nyeusi ya mafuta, iliyopakwa mara mbili. Ila siku ile hakuwa hata na mchumba, na mwenye kuandika bango husoma herufi, hasomi maneno.

* * *

Siku ya ishirini na tisa alivaa shati la Idi akaenda Idara. Watu walikaa uwanjani kwenye mabenchi, kimya, chini ya bango jingine la mkono wake lililosema KIMYA NI HESHIMA. Wengine walikuwa na siku tatu pale, wengine wiki. Sauti pekee ilikuwa ya msemaji wa vyeti, kijana wa haja mwenye kipaza sauti, aliyeliita kila jina jipya la mtoto mara tatu, kwa sauti ya juu, ili wananchi wawe mashahidi. Asipoita mara tatu cheti hakina nguvu. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa, na utaratibu Sambamba hauulizwi umri.

Dirishani alikaa Bwana Zahoro, Msajili Msaidizi wa Wanaozaliwa Wawili Wawili. Alikuwa na suti ya vipande vitatu na kalamu nne, na hakuna aliyepata kumwona akitumia zaidi ya moja.

"Karibu, ndugu mwananchi," alisema. "Idara inakusikiliza kwa masikio yake yote. Majina ya kwanza?"

"Sikudhani na Semeni, mheshimiwa."

Bwana Zahoro aliyarudia polepole, akiyaonja. "Herufi moja, jinsia moja, utamaduni mmoja. Yameoana. Hongera. La kati la huyu wa kwanza?"

"Mashaka."

"Na la huyu wa pili?"

"Mashaka. Ndilo jina langu. Baba yao ni mimi."

Bwana Zahoro akaweka kalamu chini. "Ndugu Mashaka, bango linasemaje?"

"Linasema yaoane."

"Yaoane. Sasa Mashaka wa huku na Mashaka wa huku ni nani kwa nani?"

"Ni mtu mmoja, mheshimiwa."

"Basi ni damu moja. Wewe nakuona mtu wa dini. Umesikia wapi damu moja ikaoana? Hao ni maharimu. Serikali haiwezi kukaa hapa, na mhuri wake, ikaozesha maharimu."

Mashaka alidhani ni mzaha, akatabasamu. Alipoona tabasamu lake halijajibiwa, akalirudisha lilikotoka. "Lakini hapo kuoana si kwa ndoa," alisema. "Ni kupatana tu. Kama unavyosema shati limeoana na suruali."

"Una shahada ya lugha?"

"Nina brashi."

"Basi lugha tuachie wenyewe. Jina moja la kati libaki hilo lako. La pili litafutwe jingine, lisiwe na udugu nalo."

"La kati ni la baba, mheshimiwa. Nikitafuta jingine nitakuwa nimemtafutia mwanangu baba mwingine."

"Sasa ndiyo tunaelewana," Bwana Zahoro alisema kwa furaha ya kweli, akavuta droo. Alitoa karatasi nene yenye pambo la dhahabu pembeni, iliyoandikwa juu: Orodha ya Baba wa Kati Walioidhinishwa. Chini yake palikuwa na jina moja.

"Fanaka," alisoma, akisimama kidogo kwenye kiti kwa heshima. "Sikiliza yanavyoitikiana. Mashaka na Fanaka. Sikudhani Mashaka, Semeni Fanaka. Semeni Fanaka. Hilo si jina, ndugu yangu, huo ni wito. Mtu akiitwa hivyo barabarani, taifa zima linakumbushwa la kusema."

Mashaka alishika ukingo wa dirisha. Nani Sambamba asiyejua jina la Fanaka linavyomfanya mtoto? Anayelibeba katikati huitwa Mwana wa Kati. Akitimiza miaka saba, basi la serikali huja kumchukua hadi Kambi ya Malezi, huko anavishwa nguo nyeupe na kufundishwa nyimbo za kuwapokea wageni uwanja wa ndege. Kila sikukuu huruhusiwa kurudi kwao kwa saa nne. Walishafika elfu kumi na moja, na inasemekana wanakula vizuri. Wazazi wao hawajawahi kulalamika hata mara moja, kwa kuwa fomu ya kulalamikia haijachapishwa.

"Na nisipokubali?" aliuliza.

"Nani amekulazimisha? Hii ni nchi huru. Ila arobaini ikipita mtoto hana majina, Idara humwandikia yenyewe." Bwana Zahoro aliirudisha karatasi drooni taratibu. "Na Idara, kama ulivyoona, ina jina moja tu."

* * *

Kuanzia siku hiyo Mashaka alisahau kukaa. Alikula amesimama, akiwa na bakuli mkononi, akienda na kurudi kati ya mlango na dirisha. Alianza bango la mwuza chapati akaliacha kwenye CHAPA. Alikuwa anaogopa, na woga wake haukuwa wa kuficha: akimtazama Doto anamwona na gauni jeupe, akiwaimbia watu wasiomjua kwenye jua la uwanja wa ndege, na Kulwa amebaki nyumbani akiuliza mwenzangu yuko wapi.

"Kaa chini, baba Kulwa, unanitia kizunguzungu," alimwambia mkwewe, Bi Semeni.

"Nikikaa nafikiri, mama."

"Na ukitembea?"

"Nafikiri pia, lakini nafika mahali."

Tunu alinyonyesha huyu, akanyonyesha yule, na mara moja tu aliuliza, "Wakija kumchukua, watajuaje ni Doto? Hata mimi usingizini nawachanganya." Hapo mumewe akatoka nje akaenda kuzunguka nyumba mara tano.

Alirudi Idara siku ya thelathini na tatu akiwa na kamusi. Bwana Zahoro alikubali kwamba kamusi ilisema kuoana ni pia kulingana na kupatana, ila akauliza kamusi hiyo ilizinduliwa na nani. Haikuwa imezinduliwa na mtu. "Bango limezinduliwa," alisema Bwana Zahoro, akaifunga kamusi kwa upole na kumrudishia. Siku ya thelathini na sita Mashaka alimleta jirani yake, mshona viatu, ambaye kwa hisani alikuwa tayari kumwazima Doto jina lake, Matata, apite nalo tu. Idara ikaona Mashaka na Matata ni majina yenye tabia moja, kwa hiyo lazima wana undugu wa mbali. Siku ya thelathini na nane alikwenda bila kitu, akasimama dirishani, akasema, "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyeandika lile bango." Bwana Zahoro alimpa mkono akamshukuru kwa mchango wake katika ujenzi wa taifa.

Siku ya thelathini na tisa, mchana, watoto walilia wote kwa pamoja na hawakunyamaza. Tunu alibembeleza mpaka akataka kulia naye. Mashaka alikuwa anatembea. Bi Semeni akaingia na mikono ina unga, akatazama kitandani, akatikisa kichwa.

"Nani kawalaza migongo hivi? Pacha hawalazwi wakapeana migongo. Walikaa miezi tisa wakitazamana, leo mnawageuza kama waliogombana." Akamshika Kulwa akamgeuza, akamshika Doto akamgeuza, pua kwa pua. "Haya. Waache waonane."

Kilio kikakatika. Watoto walitazamana kwa macho yale ya uchanga yasiyojua yanachokitazama, wakatulia.

Mashaka naye akaacha kutembea, kwa mara ya kwanza nyumbani humo tangu siku ya ishirini na tisa. "Umesema nini, mama?"

"Nimesema waonane."

"Waonane," alisema Mashaka. Aliliandika hewani kwa kidole, herufi moja moja, kisha akafuta ya mwanzo akaandika nyingine. Alipofika katikati ya neno akatabasamu, na Tunu, aliyekuwa hajaona tabasamu hilo siku kumi, alimwuliza kama ana homa.

* * *

Siku ya arobaini Tunu alitoka nje kwa mara ya kwanza, amejifunga khanga mpya. Wote wakaenda Idara, yeye na Kulwa, Bi Semeni na Doto, na Mashaka mbele yao amevaa ovaroli ya kazi yenye madoa ya rangi, ngazi begani na kopo la rangi nyeusi mkononi.

Jua lilikuwa la saa sita na nusu na uwanja umejaa watu. Mtu mwingine angengoja wasimwone. Mashaka alikuwa na miaka kumi na tano ya kupanda ngazi mbele ya majengo ya serikali, na alijua kwamba Sambamba mtu mwenye ngazi haulizwi. Anayeulizwa ni mwenye swali. Askari wa getini alimfungulia. Kisha, alipoona ngazi inatikisika, akaja kuishikilia.

"Wanaongeza nini?" aliuliza askari.

"Herufi moja. Ilisahaulika."

"Hata mimi niliona pana mwanya," alisema askari, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwa ameona kitu.

Mashaka alichovya brashi. Kati ya O na A, pale alipokuwa ameachanisha herufi ili ubao ujae, palikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Alikuwa ameteremsha mguu wa kwanza wa N wakati mlango ulipofunguka chini yake, na Bwana Zahoro akatoka kwenda kula.

Bwana Zahoro alitazama juu.

"Fundi," alisema.

"Naam, mheshimiwa."

"Usinidondoshee rangi. Na umalize kabla sijarudi, mchana napokea watu."

Akaenda zake. Mashaka akaivuta N yote, akainyoosha mguu wa mwisho, akashuka na kukunja ngazi. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya ila kuzunguka uwanja, na aliuzunguka mpaka askari akamwomba apumzike kwa ajili ya wengine.

Saa nane kasoro Bwana Zahoro alirudi, na kwa desturi yake akainua macho kulisalimu bango kabla ya kuingia. Alisimama. Midomo yake ilisoma: MAJINA YA PACHA SHARTI YAONANE. Akasoma tena kuanzia mwanzo. Akageuka kumtazama askari, na askari akampigia saluti. Sasa angemwuliza nani? Akiuliza tangu lini ni yaonane, atakuwa amekiri kwamba miaka yote hiyo amesimamia sheria asiyoijua. Akisema bango limekosea, atakuwa amesema Mheshimiwa alizindua kosa. Jasho lilimtoka kidogo chini ya suti ya vipande vitatu, naye akaingia ndani akakaa.

"Ndugu Mashaka," aliita kwa sauti ya mtu mwingine. "Bango linasemaje?"

"Yaonane, mheshimiwa."

"Yaonane. Kama ambavyo siku zote nimekuwa nikisisitiza." Akazichukua fomu mbili, akajaza Sikudhani Mashaka katika moja na Semeni Mashaka katika nyingine, kwa mwandiko mzuri sana. Akaziinua, akazielekeza uso kwa uso, zikakaribiana polepole mpaka karatasi ikagusa karatasi. Ofisi nzima ilisimama kushuhudia. Akangoja muda ambao aliona unatosha.

"Yameonana?" aliuliza.

"Yameonana," alisema Mashaka.

Bwana Zahoro akapiga mhuri mara mbili. Watoto wawili wa mtu mmoja wakawa, kwa idhini ya serikali, watoto wawili wa mtu mmoja. Mashaka alizipokea karatasi akazisogeza machoni na kuzisoma, na safari hii alisoma maneno.

"Bado kuitwa," alisema Bwana Zahoro, akimnyang'anya. "Usivuruge utaratibu."

Vyeti vikapelekwa kwa msemaji. Huku uwanjani Tunu alikuwa amewalaza watoto kwenye benchi, juu ya khanga, pua kwa pua. Msemaji akakohoa, akawasha kipaza sauti.

"Sikudhani Mashaka," aliita. "Sikudhani Mashaka. Sikudhani Mashaka." Watu walitikisa vichwa, hata wao hawakudhani.

Akachukua cheti cha pili.

"Semeni Mashaka."

Uwanja ulikuwa kimya, kama bango lilivyotaka. Mzee mmoja wa benchi la mbele aliinua kichwa, akamtazama msemaji, akatazama kipaza sauti cha serikali.

"Semeni Mashaka."

Sasa vichwa vyote viliinuka. Watu walianza kutazamana, kila mtu akitaka kujua kama mwenzake amesikia alichokisikia yeye. Bwana Zahoro alikuwa amefika dirishani, na uso wake ulionesha kwamba amesikia wito. Alinyoosha mkono kumzuia msemaji. Lakini jina likiitwa mara mbili si cheti, na kijana alikuwa mtu wa utaratibu. Akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote.

"Semeni Mashaka!"

"Tuseme kweli?" aliuliza mzee wa benchi la mbele.

"Si mmeambiwa semeni," alijibu Bi Semeni, ambaye kwa miaka sitini alikuwa akiitika jina hilo na hajaona likiitikiwa na wengine. "Tena mara tatu."

Akasimama mwanamke mwembamba aliyekaa pembeni kabisa. "Mimi wangu anaitwa Zawadi," alisema. "Zawadi Fanaka. Walimchukua mwaka jana. Baba yake yuko hai, anauza mkaa, haitwi Fanaka." Kwanza alisema kwa sauti ndogo, kisha akarudia kwa sauti kubwa. Kabla hajakaa akainuka mwingine, na mwingine, na yule mzee naye akapanda juu ya benchi na shaka lake, na kufumba na kufumbua hapakuwa na aliyekaa. Bwana Zahoro alionesha kwa kidole bango la KIMYA NI HESHIMA. Walilitazama kwa heshima, wakaendelea. Askari alikimbilia getini, akakumbuka amri imetoka kwenye kipaza sauti cha serikali, akarudi, akavua kofia, akaanza kusema la kwake.

Mashaka alipenya katikati ya kelele na vyeti viwili kifuani mpaka alipofika kwenye benchi, akakaa. Tunu akamsogelea, akaegemeza kichwa begani pake penye rangi. Chini yao, juu ya khanga, Semeni Mashaka mwenye siku arobaini alikuwa amelala pua kwa pua na pacha mwenziwe, na uwanja mzima ni wao wawili tu waliokuwa kimya.